Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kuchagua Programu ya Mashine Pepe Nyumbani

Ndugu msomaji, wahenga hawakukosea waliponena kwamba mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hii tumeiandika katika insha tangu tukiwa darasa la tano, na wengi wetu tumeikariri kama kasuku bila kuitafutia kazi. Mimi nimeipatia kazi, tena mahali ambapo wahenga wenyewe hawangedhania kamwe: ndani ya kompyuta. Katika kurasa hizi chache za jarida la chama chetu cha Kiswahili, ningependa kuwaeleza wanafunzi wenzangu pamoja na walimu wetu wapendwa jinsi tulivyochagua programu ya mashine pepe nyumbani kwetu, na kwa nini uchaguzi huo haukuwa mchezo wa watoto.

Kwanza tuelewane. Mashine pepe ni kompyuta, au tarakilishi kama wasemavyo wengine, isiyokuwa na mwili. Haina sanduku, haina waya, wala huwezi kuipangusa vumbi. Ni programu inayojifanya kompyuta kamili ndani ya kompyuta nyingine. Unaifungua kama dirisha la kawaida, na ndani ya dirisha lile unaona kompyuta ya pili ikiwaka, ikiwa na mfumo endeshi wake, diski yake na memori yake. Mfumo ulio kwenye kompyuta yenyewe huitwa mwenyeji, na ule wa ndani ya dirisha huitwa mgeni. Usidhani majina haya nimeyabuni mimi ili methali yangu ipate pa kukaa. La hasha! Wataalamu wa kompyuta duniani ndivyo wasemavyo kwa lugha zao. Sisi tuna bahati tu kwamba methali za wageni na wenyeji tunazo tele.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko wazazi wetu wengi. Katika miaka ya 1960 wahandisi wa kampuni ya IBM huko Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani, walibuni mfumo uitwao CP-40 ulioigawa kompyuta moja kubwa ili kila mtumiaji aone kana kwamba ana kompyuta yake peke yake. Mwaka wa 1972 IBM ikatoa VM/370 kwa wateja wake. Kompyuta ndogo kama zetu zilichelewa, kwani prosesa zake hazikuundwa kwa kazi hiyo. Kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka wa 1998, ndiyo iliyoonyesha kwamba inawezekana, ikatoa programu yake ya kwanza mwaka wa 1999. Baadaye, Intel mwaka wa 2005 na AMD mwaka wa 2006 zikaanza kutia msaada wa mashine pepe ndani ya prosesa zenyewe. Ndiyo sababu leo hata kompyuta kuukuu ya mtaani inaweza kupokea mgeni. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa nije nyumbani. Kwetu, mtaani Kaptembwa hapa Nakuru, tuna kompyuta moja ya mezani. Mama aliinunua mjini ikiwa imeshatumika, mojawapo ya zile ziletwazo kutoka ng'ambo baada ya ofisi za huko kuzichoka. Ina prosesa ya Intel Core i5 ya kizazi cha nne, memori ya gigabaiti 8 na diski ya gigabaiti 500. Kwa vijana wapendao michezo hiyo ni ajuza, lakini kwetu sisi ni ng'ombe wa maziwa. Mama ni fundi cherehani, hushona sare za shule, na vipimo vya wateja na madeni yao vyote vimo humo. Zaidi ya hayo, yeye ni mweka hazina wa kikundi cha akina mama ishirini na wawili wanaochanga kila Jumapili. Nani amelipa, nani amekopa, nani zamu yake imefika, yote hayo yamo katika majedwali ya Excel. Mimi nami naitumia kompyuta hiyo hiyo kwa masomo. Nasoma somo la Kompyuta, na sisi wa shule ya kutwa tunajua mambo yalivyo: kengele ya jioni ikilia, maabara inafungwa. Ukitaka mazoezi, ni ya nyumbani au hakuna.

Shida ilianza na tarehe. Mnamo tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida. Maana yake ni kwamba nyufa mpya za usalama zikionekana hazitazibwa tena, ila kwa waliojiandikisha kupata nyongeza ya mwaka mmoja hadi Oktoba 2026. Windows 11 nayo ina masharti yake: inataka chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na kwa upande wa Intel huanzia kwa jumla prosesa za kizazi cha nane. Yetu ni ya nne. Imepungukiwa na vizazi vinne vizima, na kizazi hakinunuliwi kwa rejareja.

Binamu yangu, ambaye yuko chuoni akisomea mambo hayo hayo ya kompyuta, alipotutembelea likizo ya Desemba alitoa suluhisho kabla hata hajamaliza chai.

"Anti, hiyo Windows si ni ya kufutwa tu! Tunaweka Linux leo leo, jioni mko sawa. Hiyo kitu ni ya bure."

Mama aliweka sindano chini. Mama yangu akiweka sindano chini, ujue mazungumzo yamekuwa mazito.

"Na vitabu vya akina mama je?"

"Tutavi-copy kwa flashi, Anti. Usijali."

"Mimi lazima nijali," mama akasema. "Hizi si pesa zangu. Ni za wanawake ishirini na wawili. Kuna mmoja humo anachanga shilingi mia kwa wiki akiuza mboga, na hajawahi kukosa hata mara moja. Nikimwambia kompyuta imemeza hesabu yake, nitamtazama na macho gani?"

Binamu alinyamaza. Nami nilijua kwamba mama alikuwa amesema jambo lenye uzito kuliko kompyuta yenyewe. Amana ni amana. Mtu haijaribii dawa mpya kwa mtoto wa jirani.

Hapo ndipo nilipotoa wazo la mashine pepe. Nilimweleza mama kwamba hatuna haja ya kuvunja nyumba ili tuone kama mgeni atapenda kukaa. Tunaweza kuiacha Windows mahali pake, iwe mwenyeji, kisha tumwalike Linux kama mgeni ndani ya dirisha. Akitupendeza baada ya miezi kadhaa, tutampa nyumba. Asipotupendeza, tunafunga dirisha na kumfuta, wala hakuna kilichopotea.

Mama alifikiri kwa muda, kisha akatoa masharti matatu akiyahesabu kwa vidole. La kwanza, hesabu za kikundi zisiguswe na mgeni hadi aseme mwenyewe. La pili, sitanunua chochote wala sitaleta kitu cha wizi, kwani karibu naye kuna duka ambalo huuza programu zilizovunjwa kufuli kwa bei ya andazi. La tatu, akiketi kufanya kazi yake, kompyuta isimchelewe kwa sababu ya mambo yangu. Msomaji, nimesoma maelezo mengi ya wataalamu tangu siku ile, lakini sijaona vipimo vizuri vya kuchagulia programu kuliko vidole vile vitatu vya mama.

Kulikuwa na programu nne zilizostahili kupimwa.

Ya kwanza ilikuwa Hyper-V ya Microsoft yenyewe. Hii ilianzia kwenye Windows Server 2008, kisha mwaka wa 2012 ikaingia kwenye Windows 8 za daraja la Pro. Windows za daraja la Home hazina, lakini kompyuta yetu, kwa kuwa ilitoka ofisini, ilikuwa na Windows 10 Pro. Kwa hiyo Hyper-V ilikuwa tayari humo imelala, ikingoja tu kuamshwa, bila kutumia hata senti ya bando. Hilo lilinifurahisha sana. Lakini nilipomweka mgeni wa Linux humo niliona kwamba dirisha lake halikutaka kutanuka kwa urahisi kulingana na skrini yetu. Kubwa zaidi ni hili: Hyper-V hukaa juu ya Windows tu. Siku tukiiaga Windows, tutakuwa tumeiaga na Hyper-V pia, na mashine tulizoziunda humo itabidi tuzitafutie njia nyingine. Nyumba unayojua utahama, huipigi lipu mpya.

Ya pili ilikuwa VMware Workstation Pro. Hiyo ndiyo binamu aliyoipigia debe. "Wewe weka VMware uone maisha," aliniambia. Na kusema ukweli, hakudanganya. Inasifika kwa uzoefu wake na kwa ulaini wa michoro. Zamani ilikuwa ya kulipia, lakini baada ya kampuni ya Broadcom kuinunua VMware mwezi wa Novemba 2023 kwa takriban dola bilioni 69, Workstation Pro ilifanywa ya bure kwa matumizi ya nyumbani Mei 2024, kisha bure kwa watu wote, hata wafanyabiashara, Novemba 2024. Inafanya kazi juu ya Windows na juu ya Linux pia. Basi kwa nini nisiichukue? Mosi, kuipakua kunataka ujiandikishe kwenye tovuti ya Broadcom na kutoa habari zako, na mama hapendi kuacha jina lake kila mlangoni. Pili, ubure wake ni wa hisani ya mwenye mali. Kampuni hiyo hiyo iliondoa toleo la bure la programu yake ya seva iitwayo ESXi mwezi wa Februari 2024, kisha ikalirudisha Aprili 2025. Imetoa, imechukua, imetoa tena. Haki yake, kwani ni mali yake. Lakini mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Ya tatu ilikuwa KVM, ambayo imo ndani ya kiini cha Linux chenyewe tangu toleo la 2.6.20 la mwezi wa Februari 2007. Ni huru, ni ya bure, na ina nguvu. Anayetaka kuitumia nyumbani bila kuandika amri nyingi anaweza kutumia dirisha rahisi kama GNOME Boxes au virt-manager. Ila KVM humtaka Linux awe ndiye mwenyeji, na kwetu wakati huo Linux hakuwa hata mgeni. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Niliiweka kando kwa heshima.

Ya nne ilikuwa VirtualBox. Hii ilitolewa Januari 2007 na kampuni ya Innotek ya Ujerumani. Mwaka uliofuata Innotek ikanunuliwa na Sun Microsystems, na Sun nayo ikanunuliwa na Oracle mwaka wa 2010. Imepita mikono mitatu, kama binti wa hadithi aliyelelewa na shangazi watatu, lakini kitu kimoja hakikubadilika: sehemu yake kuu hutolewa kwa leseni huru ya GPL. Leseni hiyo humpa kila mtu ruhusa ya kuitumia kwa kazi yoyote, hata ya biashara kama ya mama, na kuuona msimbo wake, na kuugawa. Toleo lililokwisha kutolewa kwa leseni hiyo haliwezi kunyang'anywa. Tanbihi moja tu: kuna kifurushi cha nyongeza kiitwacho Extension Pack ambacho ni bure kwa matumizi binafsi na ya elimu, lakini kampuni hutakiwa kulipia. Kwa kuwa mama hufanya biashara kwenye kompyuta hiyo, kifurushi hicho sikukigusa, wala sikukihitaji. Watu wengi huvichanganya vitu hivi viwili, wakidhani vyote ni kitu kimoja. Bure ina ndugu wengi, na si wote wa baba mmoja.

Faili la VirtualBox la kusakinisha halifiki hata megabaiti 200, kwa hiyo bando letu lililimudu. Mgeni mwenyewe, Linux Mint, ni karibu gigabaiti 3. Huyo nilimpakua saiba na kumleta nyumbani kwa flashi.

Kabla ya kumkaribisha ilibidi niingie kwenye baiosi, ile skrini ya buluu inayokuja ukibonyeza kitufe maalumu kabla Windows haijaamka, nikawasha msaada wa mashine pepe ulioko kwenye prosesa. Kompyuta nyingi za mitumba huja msaada huo ukiwa umezimwa. VirtualBox za siku hizi, tangu toleo la 6.1 la mwaka wa 2019, haziwezi kufanya kazi bila msaada huo. Kwa hivyo ukisikia mtu akilia kwamba VirtualBox "imekataa," mwulize kwanza kama amepitia baiosi.

Jambo la pili nililoliona ni kobe. Naam, kobe! Hyper-V ilipokuwa bado imewashwa, VirtualBox ilionyesha pembeni mwa dirisha kijipicha cha kobe wa kijani. Nilidhani ni pambo. Kumbe ni ujumbe: programu mbili zinagombea prosesa moja, na VirtualBox inalazimika kupanda mgongoni mwa mwenzake na kutambaa polepole. Nilizima Hyper-V, nikawasha kompyuta upya, kobe akatoweka na mgeni akachangamka. Fahali wawili hawakai zizi moja. Chagua programu moja ukae nayo.

Jambo la tatu ni memori, na hapa ndipo sharti la tatu la mama lilipopimwa. VirtualBox hukuonyesha mstari wenye rangi ya kijani na nyekundu ili uchague kiasi cha kumpa mgeni. Watengenezaji wa Linux Mint husema gigabaiti 2 ndicho kiwango cha chini, na 4 ndicho kizuri. Nilimpa 3, nikamwachia mwenyeji 5, na katika prosesa yenye viini vinne nikampa mgeni viwili. Mgeni hula vizuri lakini mwenye nyumba hapaswi kulala njaa. Aidha, mama akiketi kwenye cherehani na kompyuta, mgeni anazimwa kabisa. Memori aliyopewa huishikilia tu akiwa macho.

Na hesabu za akina mama? Kwa muda wa mwezi mzima mgeni hakuziona. Kisha siku moja mama mwenyewe aliniita.

"Hebu nionyeshe huyo mgeni wako. Nataka kuona akikosea."

Nilifungua dirisha. VirtualBox ina uwezo wa kuhifadhi hali ya mashine ilivyo kwa wakati fulani, ili ukiharibu urudi pale pale. Nikahifadhi, kisha mbele ya macho yake nikafuta vitu ovyo ovyo hadi Linux ikashindwa kuamka. Mama akashika kiuno. Nikabonyeza mahali pa kurudi, na mgeni akaamka mzima kama aliyekuwa amelala tu.

"Kwa hivyo mgeni akivunja kikombe, kikombe kinarudi?"

"Ndiyo, mama. Lakini cha mwenyeji kikivunjika hakirudi. Hata hali hii niliyoihifadhi iko kwenye diski hiyo hiyo moja. Diski ikifa, wote wamekufa."

"Sasa hapo umesema ukweli," akajibu. Siku hiyo tuliandika nakala za hesabu kwenye flashi mbili, moja ikabaki nyumbani na nyingine ikaenda kwa katibu wa kikundi. Huo ulikuwa uamuzi wa mama, na naona ulikuwa bora kuliko programu zote nne.

Baada ya hapo akaruhusu. Niliunganisha folda ya hesabu na mgeni kwa njia ya kusoma tu: mgeni anaiona lakini hawezi kuandika humo hata akitaka. Kutoka hapo nilichukua nakala nikaifungua ndani ya LibreOffice. Kuanzia Januari hadi Machi mama aliandika michango mara mbili kila Jumapili jioni, mara moja kwenye Excel ya mwenyeji na mara moja kwenye LibreOffice ya mgeni, huku daftari lake la karatasi likiwa mwamuzi. Mwezi wa kwanza jumla zilikuwa sawa. Wa pili sawa. Wa tatu sawa hadi shilingi ya mwisho. Kitu kimoja tu kilikataa: lile jedwali la kuchapisha risiti ambalo mtu alimtengenezea zamani, lenye vitufe vya kubonyeza. Vitufe vile havikufanya kazi kwa mgeni. Nilifikiri mambo yameharibika, lakini mama alicheka.

"Risiti nitaandika kwa mkono. Nilikuwa nikiandika kabla hujazaliwa."

Likizo ya Aprili, kwa idhini yake na baada ya nakala kuhakikiwa, tulimgeuza mgeni akawa mwenyeji. Linux Mint sasa ndiyo imekaa kwenye diski, inapokea marekebisho ya usalama bila malipo, na ile kompyuta ya kizazi cha nne haikuhitaji kununuliwa mwenzake. VirtualBox nimeisakinisha upya juu ya Linux, na humo ndani naendelea kuwaalika wageni wengine kwa mazoezi yangu ya shule. Ningeweza kuhamia KVM, kwani sasa fimbo hiyo iko karibu. Lakini mashine nilizounda kwenye Windows zilihama nami bila matata, na ninachokijua kinanitosha hadi mtihani wa kidato cha nne. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wetu alipewa jembe, na amelima.

Wanafunzi wenzangu, nimewasikia wengi wakiulizana ni programu gani iliyo bora kuliko zote. Nawaomba mlibadilishe swali hilo. Jiulize kwanza mwenyeji wako ni nani leo na atakuwa nani mwaka ujao. Jiulize kompyuta yako ina memori kiasi gani, na nani mwingine anaitegemea. Soma leseni, ujue kama ubure wake ni haki yako au ni hisani ya mtu. Kisha uhakikishe mlango wa kutokea upo: VirtualBox na VMware zote zinaweza kuitoa mashine pepe kwa mpangilio wa wazi uitwao OVF, ili ukichoka na moja uhamie nyingine na mizigo yako. Ukishajibu hayo, programu itajichagua yenyewe. Mwenye Windows Pro asiyekusudia kuhama anaweza kutosheka na Hyper-V. Mwenye kompyuta yenye nguvu anayetaka michoro laini, VMware itamfaa. Mwenye Linux tayari, KVM iko chini ya kitanda chake. Kila ndege huruka kwa ubawa wake.

Na kwa wale wanaochelea kuandika mambo ya kompyuta kwa Kiswahili wakidhani lugha yetu haitoshi, nawakumbusha kwamba tangu mwaka wa 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux huko Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Wao walitangulia, sisi tufuate. Sisi wa kidato cha tatu ni mkia wa mfumo wa 8-4-4, tuliofanya KCPE ya mwisho mwaka wa 2023. Nyuma yetu wanakuja wadogo zetu wa Gredi ya 10, nao watazikuta maabarani mashine zile zile tunazozitumia. Tuwaachie ujuzi, na tuwaachie kwa lugha wanayoielewa.

Nafasi niliyopewa na mhariri imekwisha. Jumapili ijayo akina mama ishirini na wawili watachanga tena, na yule muuza mboga ataleta shilingi mia yake. Hajui Linux ni nini, wala hana haja ya kujua. Anachojua ni kwamba jina lake liko pale, na mbele ya jina lake pana hesabu iliyo kamili.

Kiswahili kitukuzwe!